Maswali na majibu: Hita ipi inafaa mashine ya kutotolesha vifaranga?

Nina boksi la plaiwudi la mayai 60. Niweke globu moja ya wati 200 nimalize kazi? (Msomaji, Dodoma)

Usiweke. Boksi la ukubwa huo, likizibwa vizuri na kutandikwa fomu (povu la kuzuia joto lisitoke) ndani, linatosheka na wati 80 hadi 100 hata usiku wa baridi wa Julai. Globu kubwa hupandisha joto haraka mno: mayai ya jirani yanaungua, ya pembeni bado yana baridi. Tumia mbili za wati 40, pande mbili tofauti, zifunike kwa kopo lenye matundu ili miale isiyapige mayai moja kwa moja, na feni ndogo ya kompyuta isambaze hewa.

Sababu kubwa ya kutaka mbili ni hii: globu ya waya hudumu takriban saa 1,000, na siku 21 za kutotolesha ni saa 504. Kuwashwa na kuzimwa kila mara nako huichosha. Ikikatika saa nane usiku ukiwa umelala, ile ya pili itayashikilia mayai mpaka asubuhi. Nakusihi uanze kila awamu na globu mpya. Bei yake haifikii hata ya kifaranga mmoja mkubwa.

Fundi ananiambia niunge globu mbili za wati 100 mfululizo, moja baada ya nyingine. Ni kweli zinadumu? (Msomaji, Nakuru)

Kweli kabisa. Umeme unagawanyika, zinawaka hafifu, joto lake kwa pamoja ni kama wati 65 hadi 70, na zinaishi muda mrefu sana. Ila moja ikifa, zote zinazimika. Ukipenda njia hiyo, funga jozi mbili.

Globu za waya hazipatikani kwetu. LED je?

Hapana, wati 9 hazipashi boksi. Yai halihitaji mwanga, kwa hiyo tafuta globu ya seramiki inayotoa joto tupu. Holda yake iwe ya seramiki pia. Ya plastiki itayeyuka.

Elementi ya birika la umeme?

Hiyo ina wati 2,000 hivi na imetengenezwa ikae majini. Ikiwa kavu inaungua, na inaweza kuondoka na boksi zima. Achana nayo.

Joto langu linacheza kati ya 36 na 39. Hita mbovu? (Msomaji, Morogoro)

Kabla ya kulaumu hita, kagua themostati, yaani kifaa kinachowasha na kuzima hita kwa kufuata joto. Zile ndogo za W1209 huja zimepangwa zisubiri tofauti ya digrii 2 kabla ya kuwasha tena. Ingia kwenye mipangilio, P1, ushushe hadi 0.2 au 0.3. Lengo lako, kama una feni, ni 37.5. Kihisio, yaani ncha yake inayopima joto, kining'inie usawa wa mayai, mbali na hita.

Umeme ukikatika?

Usifungue mlango. Funika boksi kwa blanketi, acha matundu ya hewa wazi, na umeme ukichelewa kurudi zaidi ya saa moja ingiza chupa za maji ya moto bila kugusisha mayai. Yai huvumilia zaidi kupoa kuliko kuzidishiwa joto, kwa hiyo umeme ukirudi usiongeze digrii kufidia.