Jibu: Jumapili ufukweni Kigamboni na watoto watatu

Dada, umeuliza kama utaweza kwenda Kigamboni, ng'ambo ya bahari kutoka mjini Dar es Salaam, na watoto watatu, mkubwa akiwa na miaka sita. Utaweza, ila jioni msirudi kwa pantoni, yaani kivuko.

Sisi tulirudi nalo sikukuu ya Pasaka. Geti likafunguliwa, tukaingia kwa kusukumana pamoja na baiskeli na mikokoteni, na wangu wa miaka minne akaniponyoka mkono. Dakika kama tatu sikumwona. Mama mmoja mwenye beseni la samaki ndiye aliyemshika, mtoto analia, kandambili moja haipo. Mungu ambariki yule mama. Mpaka leo nikisikia honi ya pantoni moyo unaenda mbio.

Rudini kwa daraja la Kigamboni, linalotokea Kurasini, hata kama nauli itazidi. Na kila mtu mzima apewe mtoto wake wa kumwangalia. Sisi "tutawaangalia wote" ndiyo iliyotuponza.

Ulizia mapema saa za maji kujaa na kupwa. Chakula beba cha nyumbani, chipsi za ufukweni huchelewa. Nguo za kubadilisha ziwe jozi mbili kila mtoto, maana ya kwanza italowa kabla hamjatandika mkeka.