RX-8 kwa mtu wa Iringa: fundi wako kasema kweli nusu

Kamwene mkuu. Umeuliza kama uchukue ile Mazda RX-8, gari ya michezo, ya 2004 ya gia za mkono iliyoko Dar, bei imekaa chini hata ya IST, ila fundi wako wa hapo Iringa kakutisha kwamba "hyo injini haina pistoni, ikifa ndo basi". Mi ninayo hapa Mbeya na naiendesha mpaka leo, so nakujibu kama mtu anayelipia mafuta yake.

Ni kweli haina pistoni wala valvu. Ina rota mbili za pembetatu zinazunguka, ujazo wote ni cc 1308, yaani ukisoma kadi unadhani ni kagari ka kwenda sokoni, lakini ile ya nguvu kubwa ya gia sita inapiga resi mpaka mizunguko 9000 kwa dakika na mwaka 2003 injini yake, Renesis, ilibeba tuzo ya kimataifa ya injini bora ya mwaka. Shida iko kwenye ncha za zile pembetatu, kuna vipande vyembamba vya chuma vinaitwa epeksi sili, ndo vinafanya kazi ya ringi za pistoni, vikichakaa kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya injini) inashuka na gari inaanza kugoma kuwaka ikiwa ya moto. Na sifa mbaya haijazushwa na watu wa vijiweni, kule Marekani Mazda wenyewe waliongeza waranti ya injini hyo mpaka miaka 8 au maili 100,000.

Ila mafundi wetu wengi wakiona inapunguza oili wanasema imekufa. Mkuu hii imeundwa inywe oili! Kuna pampu inachukua oili ya injini inairushia kwenye vyumba vya moto ili zile sili zisikauke, kwahyo we kila ukijaza mafuta chomoa stiki uangalie, galoni ya akiba ikae kwenye buti. Anayeendesha kwa kusubiri sevisi kama alivyozoea kwenye Corolla ndo huyo baadae anakuja kuandika kwamba RX-8 ni takataka.

Baridi nayo. Huku Mbeya mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi unajua kulivyo, na nyie wa Mafinga ndo usiseme. Gari hii haiwashwi ukaisogeza mita kumi kupisha mtu getini halafu ukazima. Ikiwa ya baridi inamwaga mafuta mengi, ukizima hapo plagi zinalowa, ukirudi unapiga stata inazunguka tu wee mpaka betri inalala, na majirani washatoka kuangalia. Dawa yake kanyaga mafuta mpaka chini kabisa ndo upige stata, kompyuta inakata mafuta, plagi zinapata hewa, kisha achia ujaribu kawaida. Dogo anayekuoshea gari usimwachie funguo.

Kingine ni koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Ziko nne, na kwenye hizi gari zinachoka mapema, sasa koili ikichoka mafuta yasiyoungua yanaenda kuungulia kwenye masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi), masega yanaziba, joto linarudi kwenye injini, sili zinaondoka. Yaani injini inakufa kwa kitu ambacho ungekibadilisha barazani kwa spana moja. Plagi pia ni nne ila aina mbili tofauti, juu zake na chini zake, fundi akikununulia nne za aina moja mrudishie.

Unauliza ina faida gani sasa. Sikudanganyi, kwa kilomita 7 kwa lita mjini hakuna faida ya hela. Na huku juu, Mbeya tuko kama mita 1,700, haina turbo, hewa nyepesi inakula asilimia 15 na ushee ya nguvu, kwenye mlima wa Chunya mwenye Subaru ya turbo atakuacha na utamwangalia tu. Lakini toka nayo Uyole ushuke Tukuyu siku barabara kavu! Injini ni ndogo na nyepesi, imekaa nyuma ya ekseli ya mbele, uzito umegawanyika nusu kwa nusu, basi pale Isongole kwenye zile kona kabla hujafika kwa wauza viazi we unashika gia ya tatu, resi inapanda elfu 6, elfu 7 bila mtetemo wowote, pua inaingia kona unakotaka na mkia unafuata bila ubishi. Nimeendesha Altezza, nimeendesha Mark II, hazinipi hiki kitu. Watu wanaisema injini tu, hiyo chesisi hakuna anayeitaja, na ndo maana bei iko hapo.

Gari iko chini, matuta ya Chimala na Igurusi utayapita upande upande, hilo zoea.

Kabla hujatoa hela: iendeshe mpaka ichemke vizuri kwa joto lake la kawaida, zima, subiri dakika kumi, washa. Ikisumbua, ondoka hata muuzaji akishusha milioni. Ikiwaka pima kompresheni, na geji ya kawaida inakupa namba moja tu wakati kila rota ina vyumba vitatu, kwahyo mwambie fundi atoe kile kivalvu cha geji kinachoshikilia presha, apige stata, msikilize mapigo matatu yanayolingana, moja likiwa dhaifu sili imeenda. Tafuta mwenye kipimo cha rota kabisa kama yupo.

Ukiipandisha mlima wa Kitonga nyuma ya semi usiiamini geji ya joto ya dashibodi, inakaa katikati mpaka mambo yameharibika, chomeka kidude cha OBD kinachosoma kompyuta ya gari, usome digrii kwenye simu. Ukishapima kompresheni tupia namba za rota zote mbili hapa, na useme mmepimia wapi, maana hewa ya huku juu ni nyepesi, gari ileile ikipimwa Dar inasoma juu kuliko ikipimwa Iringa.