Re: Sukari mbadala itaokoa meno ya mwanangu?

Mama Nasra, salaam. Umeuliza kama ukimwekea mwanao wa miaka 4 zailitoli kwenye uji badala ya sukari, meno yataacha kuoza. Itasaidia kiasi, haimalizi kazi.

Kinachotoboa jino ni tindikali. Bakteria wanaokaa kwenye ukoga, ule utando laini unaobaki kwenye ukucha ukikwangua jino asubuhi, hula sukari na kutoa tindikali. Zailitoli hawawezi kuichachusha, yaani kuigeuza tindikali. Wafini waliichunguza sana pale Turku, Finland, miaka ya 1970. Sobitoli, sukari mbadala nyingine, bakteria hao wanaichachusha, ila polepole.

Lakini tusidanganyane dada, kwa watoto wetu hapa Tanga uji ndio wenye nafuu. Balaa ni ubuyu wa rangi! Mtoto anamung'unya kokwa moja moja tangu asubuhi hadi magharibi, sukari imenasa kwenye vijishimo vya magego, mate hayapati hata nafasi ya kuisafisha. Heri aumalize wote mara moja baada ya chakula, kisha anywe maji.

Bigijii ya zailitoli kwa umri huo usimpe, atapaliwa. Zailitoli ikizidi inaharisha pia, na kama mna mbwa ifiche, ni sumu kwake.

Mswaki mara mbili kwa siku, wa usiku usikose, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mbaazi, upige wewe mwenyewe. Ukiona doa jeupe lisilong'aa karibu na ufizi, mpeleke hospitali ya Bombo kwa daktari wa meno kabla halijawa tundu.