Mzee Faki alipokataa kumfukuza mkwewe

Riwaya yangu nilikuwa nimeshaipanga yote. Mzee Faki wa Konde, Pemba, anaibiwa magunia mawili ya karafuu kavu na mkwewe. Anamfukuza, binti anarudi kwao na talaka, tunaingia sura ya saba.

Nikaandika. Mkwe kasimama chini ya baraza, kofia mkononi. Mzee Faki kamkazia macho, nami nasubiri atukane. Akauliza: "Ulizianua kabla ya mvua au baada?"

Siku mbili sikuandika neno. Mtu wa karafuu ataulizia mvua, sawa, maana ikirowa jamvini huvunda, ikapauka, bei ikaanguka. Lakini amuulize mwizi?

Nikamsomea shangazi yangu usiku, naye yuko kwenye kuchambua, vidole vinatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, bila ya kuviangalia. Hakuinua uso. "Haulizi wizi, auliza mvua? Mzee huyo naye keshaiba huyo."

Nikarudi sura ya pili. Kule nilimwandika Mzee Faki akikaa siku zote bahari kaipa mgongo, jambo nililolitia kwa pambo tu. Kumbe! Ujanani alipakia karafuu za magendo jahazini, usiku, kwenda Mombasa, na gunia moja lilikuwa la kaka yake.

Wako waandishi wanaosema mhusika ana roho yake. Mimi hayo siyataki. Pemba tuna mashetani ya kutosha, wahusika wasijitie. Unaandika jambo, unalisahau, nalo linakungoja mbele. Kwa hiyo mhusika akikugomea, usimkatize. Mwache amalize, kisha rudi kurasa za nyuma utafute ulichokiandika bila ya kujua kwa nini. Ukikiona, mpango ndio uondoke, si yeye. Ile rasimu ya zamani usiifute lakini, iweke kando.

Usipokiona, shuku. Binti yake Mzee Faki aliwahi kunipandia boti ya Unguja ghafla, bila ya kumuaga mtu. Nilifurahi mno! Nikatafuta nyuma, wapi, hakuna hata neno moja la kumpeleka huko. Ukweli ni kwamba ile sura ilinichosha, aliyetaka kuhama ni mimi. Nikamshusha papo hapo gatini Mkoani, akarudi kwao kwa daladala.

Halafu midomo yao. Rasimu ya kwanza wote walisema kama wasoma taarifa ya habari, na mtu wa namna hiyo hakupingi, atakwenda utakakomtuma. Mzee Faki alianza kunipinga siku nilipomwachia Kipemba chake. Soma mazungumzo kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu asiyejali kuwa wewe ni mwandishi.

Mkwe mpaka leo hajalijibu lile swali. Nimemwandikia majibu manne. Kila ninalomsomea shangazi, anachambua, ananiambia, "Mwongo huyo."