Kokteli yangu ya mnanaa inatoka chungu, nakosea wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimejaribu mara tatu kutengeneza kokteli ya nanasi na mnanaa nyumbani. Natia kwenye blenda nanasi, mnanaa, ndimu pamoja na ganda lake, sukari na barafu, nasaga, kisha naongeza ramu na maji ya soda. Kinatoka kijani kama maji ya dimbwi, kichungu, na baada ya dakika chache kimeshakuwa chapwa. Na wageni wasiokunywa pombe niwafanyieje?

JIBU: Nzuri. Mchawi wako ni blenda. Mafuta yanayoupa mnanaa harufu yake yamo kwenye vifuko vidogo mno juu ya uso wa jani, na vifuko hivyo hupasuka kwa kubonyezwa tu. Ukilisaga jani lenyewe unakamua utomvu wa kijani, mchungu, ambao ukikutana na hewa hugeuka rangi kama tofaa lililokatwa.

Jaribu hivi: weka jani kiganjani, lipige kofi moja, unuse. Halafu lifikiche mpaka lilegee kama mchicha uliopikwa, ulambe kidole. Uchungu utakaousikia ndio ulio kwenye glasi yako. Ganda la ndimu nalo linachangia, hasa ule weupe wa ndani.

Kwa glasi moja, ponda kwanza vipande vinne vya nanasi kwenye chombo chenye kifuniko, maana nanasi ni gumu na linataka nguvu. Likishalainika ndipo utie majani manane ya mnanaa, uyabonyeze mara tatu nne kwa mchi, basi. Ongeza mililita 25 za maji ya ndimu, 20 za shira na 50 za ramu nyeupe. Shira ni sukari na maji ya moto, kikombe kwa kikombe, ikorogwe mpaka iyeyuke na iachwe ipoe. Sukari ya chenga haiyeyuki vizuri kwenye baridi, tena huyakwaruza majani kama msasa.

Tia barafu, funika, tikisa sekunde kama kumi na tano, kisha chuja kwa chujio la matundu madogo kwenye glasi iliyojaa barafu mpya. Maji ya soda, kama mililita 60, yawe baridi na yaje mwisho kabisa. Usiyatikise kamwe: utapoteza mapovu, na kifuniko kinaweza kuruka.

Kuhusu kuwa chapwa: barafu iliyosagwa huyeyuka upesi. Tumia vipande vikubwa na ujaze glasi. Wengi huweka viwili kwa kuogopa maji, kumbe viwili ndivyo vinavyoisha haraka.

Kwa wasiokunywa pombe, badala ya ramu weka mililita 50 za juisi ya nanasi na upunguze shira iwe 10, la sivyo kitakuwa kitamu mno. Ule ukali wa pombe utakosekana, kwa hiyo ponda na kipande chembamba cha tangawizi. Vyao vitengeneze kwanza, kwa vyombo vyao.

Wageni wakiwa wengi, changanya mapema ramu, ndimu, shira na juisi ya nanasi iliyochujwa kwenye jagi, uweke kwenye friji. Mnanaa na maji ya soda visubiri hadi watu wamekaa.