Fagio la chelewa ndilo lililomfundisha mwanangu kutoa

Mi ni fundi cherehani, sio mwalimu, nalisema mapema mtu asije akaniuliza cheti. Ila nina mtoto wa kiume ambaye mwaka jana akiwa darasa la pili alinitoa jasho jamani, kila jioni homuweki ni kilio, yeye analia kwa sauti na mimi nalia kimoyomoyo, na kwenye daftari kumeandikwa kwa kalamu nyekundu "hana bidii".

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa kutoa kwa kukopa. 42 toa 17. Namwambia mbili haitoshi kutoa saba, nenda kwa jirani kakope moja, sasa una kumi na mbili. Akaniuliza, "Mama, nimekopa moja mbona imekuwa kumi?" Nikamjibu ndivyo ilivyo, we andika. Akaandika, kesho yake kasahau. Nikikumbuka naona swali lake lilikuwa na akili kuliko jibu langu, maana hata mimi sikuwa najua kwa nini, enzi zetu tulikariri tu huku fimbo iko mezani.

Sasa huyu mtoto ukimpa redio mbovu anaifungua na kuirudisha, vifungo vya wateja ananipangia kwa saizi bila kukosea. Nikajiwazia, mbona mikono yake inaelewa? Nikachukua fagio la chelewa lililochakaa, nikavunjavunja njiti, tukafunga kumi kumi kwa vipande vya lastiki. Nikamwekea mkekani mafungu manne na njiti mbili. Nikamwambia nipe kumi na saba. Akanipa fungu moja haraka, akaja kwenye saba, anazo mbili tu. Akakaa kimya. Nikajizuia kusema (hapo ndo pagumu kwa sisi wazazi, mdomo unawasha). Mara akavuta lastiki ya fungu moja, njiti zikamwagika, akahesabu saba akanipa. Yamebaki mafungu mawili na njiti tano. "Kumbe sikopi, nafungua!" Tangu siku hiyo neno kukopa nimeliacha, nyumbani kwetu tunasema kufungua fungu.

Nikajiona nimemaliza kazi, kumbe bado. Wiki mbili baadaye kapata 3 kati ya 10 kwenye jaribio. Mkekani anaweza, kwenye karatasi hawezi, maana kule hakuna njiti. Mteja wangu mmoja ambaye ni mwalimu ndo akanifungua macho, akaniambia umeruka ngazi. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, miaka ya 1960 alieleza kwamba mtu anashika jambo kwa njia tatu, kwa kutenda, kwa picha na kwa alama, na mtoto ukimtoa kwenye kitu ukampeleka moja kwa moja kwenye namba unakuwa umeikata ile picha ya katikati. Basi tukaanza kuchora. Fungu ni mstari uliosimama, njiti ni nukta, ukifungua fungu unaukata mstari na kuchora nukta kumi pembeni. Wiki ya kwanza njiti na mchoro vilikaa pamoja, baadaye njiti nikaziondoa, halafu namba zikaandikwa pembeni ya mchoro, mwisho mchoro wenyewe ukapotea bila mimi kumwambia. Ilichukua kama mwezi na nusu hivi, sio siku tatu. Kwa hiyo ukimwona mtoto anaweza na vifuniko vya soda halafu mtihanini anafeli, usimwambie mjinga, angalia kama ulimpitisha kwenye kuchora.

Kusoma nako alikuwa na lake, baba anasoma dada, dada anasoma baba, mara bada. Ukimwelekeza kwa mdomo tumbo la b liko upande gani anachoka tu. Nikaenda kwa fundi seremala jirani nikaomba mabaki ya msasa, nikakata herufi nikazibandika kwenye boksi, akawa anapitisha kidole huku anatamka. b unaanza na fimbo ndo tumbo lifuate, d unaanza na tumbo. Nilijiona mbunifu kweli, kumbe Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, alikuwa na herufi za msasa zamani hizo. Kama huna msasa, unga au mchanga kwenye sinia unafaa sana.

Ila msianze kuwapa watoto vyeo, huyu wa macho huyu wa mikono. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake huko Marekani walipitia tafiti za mambo hayo wakaona hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kulingana na "aina" yake kunamsaidia zaidi. Na mimi nimeliona, dada yake ambaye ni mtu wa kukariri nilimpa njiti zilezile, naye akaelewa mambo aliyokuwa anayaimba tu kama kasuku.

Kuzidisha alijifunza kwa babu yake kwenye bao, mistari minne, kila mstari mashimo manane, hesabu mwenyewe, 32. Kete zote 64. Babu hakujua kama anafundisha, alikuwa anataka mtu wa kumfunga.

Vitu vyenyewe msinunue vya bei, ila vifungo na kete wekeni mbali na wadogo wanaotia kila kitu mdomoni, na vifuniko vya soda vigongwe kingo kwanza, vinakata.

Siku hizi yuko kwenye futi yangu ya kupimia, ina sentimita 150, anairukia kumi kumi kujumlisha, 38 kwenda 48 kwenda 58. Tatizo anaificha ili dada yake asiichukue, na hapa naandika nina gauni la mteja la Jumamosi sijalikata, futi sijui iko wapi.