Kabla ya kustaafia Lisbon, kaeni huko Januari

Mara ya kwanza tulikwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, Mei, mimi na mume wangu, kwa siku 6. Tulipanda tramu namba 28 hadi Graça, mtaa wa mlimani, tukauona mto Tejo unametameta kule chini, na kabla hatujashuka mlima tulikuwa tumeshakubaliana kwamba hapa ndipo tutakapozeekea. Nimefanya uuguzi Uingereza miaka 27 na mifupa yangu imechoka na baridi. Sisi ni watu wa Mombasa, tunataka jua na harufu ya maji ya chumvi. Tena pale sokoni, kwa Kireno, nanasi ni ananás, meza ni mesa, foronya ni fronha. Nilijiona kama nimefika kwa jamaa.

Ndugu zangu mnaokaribia kustaafu, msiuamini mji mliouona likizoni. Rudini Januari, mpange nyumba mwezi mzima, mpike, mfue, muugue hata mafua mkiwa huko.

Sisi tulipanga Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon, ghorofa ya nne, bila lifti. Nyumba nyingi za zamani za Lisbon hazina mitambo ya kupasha joto, kwa hiyo tulikaa ndani na makoti, na kuvu ikaota nyuma ya kabati. Mvua ikinyesha, yale mawe madogo ya njiani yanateleza kama yamepakwa sabuni. Siku ya tatu mume wangu alitoka kununua viazi, vitunguu na maji. Nikasikia ananiita kwenye ngazi. Nilimkuta amekaa ghorofa ya pili, mfuko kando yake, ameshika goti, hawezi kupanda wala kushuka. Tangu siku hiyo kodi ya nyumba si kitu cha kwanza ninachouliza. Nauliza ngazi ni ngapi.

Tukahamia upande wa Avenidas Novas. Hakuna uzuri wa Alfama, na kodi iko juu, lakini njia ni tambarare, majengo mengi yana lifti, na Msikiti Mkuu, uliofunguliwa 1985, unafikika kwa miguu.

Kuhusu pesa, wenzangu wa Uingereza sikilizeni vizuri. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila mwaka ukiishi Ureno. Ukihamia Kenya au Tanzania haipandi tena, inabaki pale pale ilipokuwa. Mwenye pensheni hiyo anaweza pia kuomba fomu ya S1, na Uingereza ikagharamia matibabu yake katika hospitali za umma za Ureno. Kwa mtu mwenye sukari au presha, hilo si jambo dogo.

Ila pasipoti ya Uingereza siku hizi inakupa siku 90 tu katika kila 180. Kukaa moja kwa moja kunahitaji viza ya D7, ya watu wenye kipato kisichotokana na ajira, kama pensheni au kodi za nyumba. Kiwango cha kipato kinachotakiwa hufuata kima cha chini cha mshahara wa Ureno, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 870 kwa mwezi, na kwa mume au mke unaongeza nusu yake. Kibali cha kwanza cha kuishi huko ni cha miaka 2, na humo huruhusiwi kukaa nje ya nchi zaidi ya miezi 6 mfululizo bila sababu inayokubalika. Anayetaka kuishi nusu Lisbon na nusu Mombasa ahesabu siku zake kwa makini.

Lakini swali lililonikaa moyoni nililiulizwa msikitini, na bibi mmoja wa Cabo Delgado, Msumbiji. Alisema Kimwani, mimi Kiswahili, tukaelewana. Nilimwamkia shikamoo, akanikalisha karibu, akauliza watoto wangu wako wapi. Nikamwambia mmoja Leicester, mmoja Nairobi.

"Basi ukianguka usiku, nani atakuja?"

Sikuwa na la kumjibu. Yeye ana wajukuu mtaa wa pili, na jirani mwenye ufunguo wake.

Hatujasaini chochote. Novemba tunarudi, na safari hii binti yetu wa Leicester anakuja nasi, aione nyumba, apande lifti, ajue hospitali iliko. Yeye ndiye atakayepigiwa simu.